Chupa Mbele ya Jeneza

Faith, fungua dirisha. Lote, mpaka mwisho. Najua upepo wa ziwa unanikohoza, lakini kifua hiki sina tena haja ya kukitunza. Pale uani, kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, ameketi Mayala, ameleta kreti za soda kama mtu aliyekuja kuposa, na nyinyi mmempa shikamoo yake na soda mkazipokea. Nataka anisikie. Nitakayoyasema kwanza ni yenu na ni yake pia. Yatakayofuata ni yenu peke yenu, na wakati wa kulifunga dirisha nitakuambia.

Sogeeni, wanangu. Odongo, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa miguuni kwangu, na hiyo simu ilaze kifudifudi. Anayekupigia kila siku leo yuko uani, akikuhitaji ataita kwa mdomo. Faith, kaa mkono wangu wa kulia. Josephat, mkwe wangu, najua umesimama nyuma ya pazia la mlango kwa sababu kwetu Wajaluo mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, na heshima hiyo nakushukuru, ila sogea mpaka nione viatu vyako chini ya pazia, nijue kwamba hujaondoka. Hivyo. Mwanangu Gladness, mke wako aliyelala kaburini, ndiye aliyenifanya niwaite.

Mmemsikia daktari. Figo zimekataa kazi, na mimi nimekataa kurudishwa kwenye ile mashine. Siumwi malaria. Mtu akisimama msibani akasema Mama Odongo ameondolewa na malaria, mwambieni akae chini, maana ugonjwa huo nimepigana nao tangu nikiwa msichana, na sitaki utangaziwe ushindi ambao haukuupata.

Mali yangu ni chache. Nyumba hii ya Igoma na fremu za maduka zinazotazama barabara ya Musoma ni za Odongo, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wakati baba yenu amelala kitandani, na haki ya mtu hainyang'anywi kwa sababu baadaye alikosea. Ng'ombe walioko Rorya kwa baba yenu mdogo Ogada wabaki huko huko, wakizaa mgawane. Cherehani na vyungu vyangu vya kuchemshia ni vya Faith. Kitanda mpeni jirani anayekihitaji, ila godoro mlichome. Deni la fedha sidaiwi na mtu. Nina deni la namna nyingine, na mdai wangu ni Gladness.

Kimebaki kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba.

Baba yenu Okeyo alipokinunua, watu wa hapa walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema Mjaluo ametoka Rorya na fedha mkononi, akaacha mbuga yenye rutuba, akanunua mawe. Alikinunua kwa sababu mimi nilimwomba, na nilimwomba kwa sababu katikati ya yale mawe niliuona mti ambao bibi yangu alinionyesha kule kwetu, mti mfupi wenye gome la kijivu, ambao mbuzi hawali na kuni zake hazifai. Jina lake silitaji, dirisha liko wazi. Nyinyi mnaujua.

Msidhani nawasimulia ushirikina. Kwinini mliyonyweshwa mkiwa wadogo, ile iliyofanya masikio yavume, asili yake ni gome la mti. Dawa mseto mnayopewa zahanati leo, nguvu yake kubwa ilitolewa kwenye pakanga, jani ambalo Wachina walilijua zamani kabla ya maabara yoyote. Haya alinieleza Nisha, mjukuu wa mzee Mansukh, yule mwenye duka la viungo na dawa za miti pale Nyamagana, aliyekuwa akinunua mizigo yangu na hakuwahi kunipunja hata siku moja. Nisha alikwenda kusoma kemia, akarudi akawa mtafiti, na siku aliponijia hapa alivua viatu mlangoni akasema, "Shikamoo bibi, babu ameniambia nisiguse mti wako kabla sijaomba." Nikampa. Alikwenda akausaga mzizi, akautenganisha kitu baada ya kitu, kama mnavyochambua dagaa mkaondoa mchanga na konokono, mpaka akafika kwenye kitu kimoja kinachoua vijidudu vya malaria ndani ya kioo. Baadaye kikaua ndani ya panya. Nilipopiga vigelegele alinishika mkono akasema, "Bibi, bado. Kioo si mtu, na panya si mtu." Kwa neno hilo nilimpenda kama nimemzaa. Akaniambia pia kwamba kule Kagera vijidudu vimeanza kuizoea dawa mseto, na kwamba ndiyo sababu wanaitafuta nyingine kabla hatujakwama. Kwa hiyo mnapokitazama kile kilima msione mawe. Oneni watoto ambao hawajazaliwa.

Sasa Mayala. Sogeza kiti, baba, usije ukakosa neno.

Huyu alinijia akiwa mtu mzima, ana mke na watoto, biashara yake ya samaki pale Mwaloni imekufa. Mtoto wake alikuwa na homa, nikampeleka zahanati kwa mgongo wangu, maana mtoto mdogo, mwanamke mjamzito na mtu anayetapika sikuwapa mzizi wangu kamwe, hiyo ilikuwa sheria ya bibi yangu na ni sheria yangu. Mtoto alipona. Mayala akapiga magoti pale mlangoni akasema, "Mama Odongo, nifundishe kazi hii, nitakuwa mwanao." Okeyo alinionya. Alisema mtu anayelia haraka hivi atacheka haraka pia. Nikampokea. Alikula chungu kimoja na nyinyi. Odongo, ulimwita kaka.

Nilimfundisha mzizi. Nilimwonyesha kwamba unachimba upande mmoja tu wa mti, upande ule mvua inakotokea, unachukua mzizi wa pembeni, mzizi mkuu huugusi, unarudisha udongo, unamwagia maji, na mti huo huurudii mpaka ufunge matunda. Ni kazi ya kuchosha, na mtu mwenye haraka haiwezi. Yeye aliweza mpaka siku mgonjwa wake wa kwanza alipofariki. Mzee mmoja wa Kisesa; alikuja amechelewa, na Mayala akambakiza badala ya kumpeleka hospitali. Nikamngoja Mayala aje aniambie. Hakuja. Nilisikia sokoni kwamba amesema yule mzee alirogwa. Wiki hiyo hiyo akahama, akachukua gunia la mizizi yangu, akafungua ofisi Nyamagana yenye mlango wa kioo.

Fadhila ya punda ni mateke, hilo sikulilalamikia. Nilisema acha ale. Alipeleka vijana wenye majembe na sururu kwenye vilima vyote kuanzia hapa mpaka upande wa Magu, wakachimba kila mti kuuzunguka, wakang'oa mzizi mkuu, wakaacha mashina yamelala kama ng'ombe waliochinjwa. Nikasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, tumwache. Akawa anatangaza kwenye redio. Pale sokoni aliwaambia wanawake, "Yule bibi amebaki na mawe yake, mimi nina chupa." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikanunua nyanya zangu nikarudi.

Kisha akaweka picha yangu kwenye chupa.

Mliiona. Ni ile niliyopigwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, nimevaa kitenge cha bluu, nimeshika mzizi. Hakuniomba. Chini ya picha aliandika kwamba ni dawa ya malaria ya Mama, na chini yake tena kwamba ni salama kwa wajawazito. Mimi wakati huo nilikuwa Rorya kwenye kumbukumbu ya baba yenu, na simu kule ilikuwa haishiki.

Josephat, nitalisema mimi, wewe umelisema mara nyingi. Gladness alishikwa na homa kule Kirumba, tumbo lake limeshakuwa kubwa. Huyu mwanamume alimwambia, "Vaa twende hospitali." Gladness akamjibu kwamba hakuna haja, kuna chupa dukani ina picha ya mama, na mama hatoi dawa kwa mjamzito mpaka awe ameipima, bila shaka yeye na Nisha wameitengeneza upya. Akasema, "Mama yangu yuko kwenye chupa, nitaogopa nini?" Akanywa. Siku ya kwanza akasema anajisikia nafuu, kwa sababu alitaka kujisikia nafuu. Siku ya pili akaanza kuweweseka. Josephat alimbeba mpaka kwenye bajaji, na walipofika mapokezi ya hospitali hapakuwa na kitu cha kupokea. Yeye na mtoto. Aliyemwua hakumwonyesha sumu wala panga. Alimwonyesha uso wa mama yake.

Usilie, Faith. Nimekwambia ufungue dirisha, sikukwambia ulie.

Josephat hakuitupa ile chupa. Tulimpelekea Nisha, ilikuwa imebaki nusu, akaipima. Ndani yake kulikuwa na maji, shubiri kidogo ya kuleta uchungu, na rangi. Mzizi haukuwemo hata harufu yake, kwa sababu mizizi aliimaliza. Tulikwenda kushtaki, mnajua tulivyozungushwa, leo jalada liko huku, kesho anayelishughulikia amehamishwa. Nikaona kwamba njia hiyo ina milango mingi na funguo zote ziko mfukoni mwa mwenye gari.

Nilikwenda ofisini kwake. Alisimama, akanivutia kiti, akaagiza maji ya chupa. Akasema, "Mama, pole sana, lakini kifo ni mipango ya Mungu, na hata wewe umewahi kupoteza mgonjwa." Nikamwambia ni kweli, na kila mmoja nilikwenda kwao nikasema mbele ya ndugu zake kwamba nilishindwa. Akasema labda kuna mtu alimwonea kijicho Gladness. Nilipoinuka kuondoka akanishika bega. Mnajua alisema nini? Alisema anafikiria kutoa chupa mpya ya wajawazito, aiite Gladness, ili kumuenzi.

Unasemaje huko nje? Faith, anasemaje? Anasema najichosha. Mayala, mwanangu, nilichoka siku uliponishika bega, leo napumzika.

Mchungaji alikuja juzi akaniambia nisamehe nife na amani. Nimemjibu. Nimemwambia mizizi nimesamehe, kicheko cha sokoni nimesamehe, hata picha, kama ingekuwa picha tu, ningesamehe. Lakini uhai wa Gladness haukuwa wangu, na mtu hasamehe kwa niaba ya mwenye mali. Akitaka msamaha huo amwendee Gladness. Mchungaji akanywa chai yake, na nadhani alinielewa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye wosia.

Nisha na wenzake wanahitaji miti kwa miaka mingi ijayo. Mayala alikwenda kwao akajitambulisha kwamba yeye ndiye mwenye elimu ya mti ule, akawachukua kwa gari kwenda kuwaonyesha msitu wake, wakakuta mashina. Kilima kimoja tu kimebaki na miti hai, nacho ni changu. Ndiyo maana alianza kuja hapa. Ndiyo maana zimeanza kuja soda. Na ndiyo maana, Odongo mwanangu, alikuahidi kwamba mama yako akifa ataleta gari la maiti na mabasi, aupeleke mwili wangu Rorya kwa heshima kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kutoka Igoma, nikalale upande wa kushoto wa baba yako kama desturi inavyotaka. Nawe ukamshukuru, ukampa mkono. Ulidhani sijui? Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye niliyekunywesha kwa kata hiyo.

Sikukasirikii kwa kutaka nizikwe vizuri. Lakini ulikosa kujiuliza kwa nini mtu aliyemwua dada yako anajali sana mahali nitakapolala. Anajali kwa sababu ardhi isiyo na kaburi inauzika. Nikiondoka hapa ndani ya gari lake, kile kilima kitabaki kiwanja chenye mawe, na wewe utakuwa umeshatoa mkono, hutaweza kumnyima.

Kwa hiyo siendi Rorya. Mtanizika kilimani, katikati ya miti.

Najua Ogada na wazee watakuja na hasira. Watasema mke hazikwi mbali na mumewe, watasema mtapata mikosi, watauliza ni nani aliyewaroga. Waambieni ni mimi niliyesema, akili yangu ikiwa timamu, na mwenyekiti wa mtaa anajua, na mchungaji anajua. Kisha mwambieni Ogada akate tunda la yago, lile refu linaloning'inia kwa kamba yake, ambalo tunalizika mahali pa mtu aliyemezwa na ziwa asionekane tena. Alizike kushoto kwa Okeyo kwa jina langu, na watu walie hapo kama ni mimi. Okeyo ataelewa. Nimeishi na mwanamume yule, nimemzika, na kila nilipokwenda kusafisha kaburi lake nilipapima kwa macho mahali pangu. Nilipataka. Kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, nilipataka pale. Mayala, sikia hili: nimepatoa. Ujue bei niliyokubali ili usikipate kile kilima.

Maana wewe unahitaji mzizi. Na katika ziwa hili lote, Mjaluo wala Msukuma, Mkerewe wala Mjita, niambieni ni kibarua gani atachukua jembe lake achimbe mzizi kwenye kaburi la mama wa watu. Na akipatikana mwendawazimu mmoja, niambieni ni mgonjwa gani atakunywa.

Atakayepiga jembe la kwanza la kaburi langu ni Odongo. Chimba kama nilivyowafundisha, upande mmoja, usikate mzizi mkuu wa mti wowote. Mizizi ya pembeni itakayotoka katika shimo langu mpeni Nisha. Itakuwa ya mwisho kuchimbwa pale.

Sasa msiba. Msitengeneze picha yangu kubwa ya kuweka kwenye fremu yenye maua. Picha yangu ipo. Josephat, ile chupa utaileta. Mtaiweka juu ya meza ndogo, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya jeneza, uso wangu ukiwatazama waombolezaji, na hiyo ndiyo itakayobebwa mbele kwenda kaburini. Watakaouliza, waambieni mama ndivyo alivyotaka. Na wakati wa kusoma wasifu, Faith ndiye atakayesoma, si mwingine. Soma nilizaliwa wapi, soma niliolewa na nani, soma watoto wangu, na ukifika kwenye jina la Gladness usiseme tu kwamba ni marehemu. Sema alikunywa nini. Soma kile Nisha alichokikuta ndani ya ile chupa, maji, shubiri na rangi, na useme ilinunuliwa wapi na nani aliitengeneza. Polepole, kwa kipaza sauti. Nisha amekubali kusimama karibu yako, na mtu akibisha atajibiwa. Mahakamani kuna mawakili. Msibani, wakati wa wasifu, hakuna anayenyoosha kidole kuomba nafasi.

Na atakuja. Nimelifikiria sana hilo hapa kitandani. Watu wote wanajua alikuwa mwanafunzi wangu, ametangaza mwenyewe kwenye redio. Asipokuja, Igoma yote itauliza kwa nini, na kutokuja kutakuwa jibu. Akija, atakaa, atasikia, na hawezi kuinuka kabla mwili haujainuliwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Maji. Kidogo tu. Asante.

Faith, sasa funga dirisha. Komea. Na pazia.

Josephat, ingiza kichwa ndani ya pazia, macho tazama ukutani, desturi haitakufa kwa sababu ya sikio lako. Nitasema chini chini, sauti yenyewe inakwisha.

Kile kilima ni cha Faith. Odongo, ukipinga sasa nitakusikia, ukipinga kesho sitakuwepo, kwa hiyo sema sasa. Hupingi. Vizuri. Kuanzia leo wewe ni mlinzi wake. Kilima kile hakigawanywi wala hakiuzwi, na Nisha na wenzake watavuna kwa makubaliano na Faith, jina la bibi yangu Agutu likiandikwa mahali ambapo elimu hiyo inatajwa.

Watavuna nini, wakati kaburi limefunga mizizi? Ndiyo ninayotaka kuwaambia.

Katika kazi yetu, mwanafunzi hupewa mzizi kwanza na jani mwisho. Mzizi anapewa yeyote mwenye mikono. Jani anapewa yule aliyepoteza mgonjwa akarudi kwa mwalimu wake, akasema kwa kinywa chake, nimeshindwa. Kabla ya hapo haambiwi hata kwamba jani lina kitu, kwa sababu mganga asiyeweza kusema nimeshindwa ataua wengi, na ni heri aue kwa mti unaokwisha kuliko kwa mti usiokwisha. Mayala aliondoka wiki ile ile ambayo angepewa. Kama angepanda hapa akaniambia, Mama, yule mzee wa Kisesa amefia mikononi mwangu, jioni ile ningemwonyesha. Alisema amerogwa. Akaenda na nusu ya kazi, ile nusu inayoangamiza mti.

Jani linacho kile kitu kinachoua vijidudu. Nisha amelipima. Ni pungufu kuliko kwenye mzizi, lakini kitu ni kile kile, na jani likichumwa linaota tena. Linachumwa likiwa limekomaa, mvua za vuli zikishakatika, kabla mti haujatoa maua. Linaanikwa kivulini, juani linakufa. Faith atalichuma juu yangu kila mwaka, mizizi ikiwa imelala nami. Na lile jani changa, lenye rangi nyekundu, msilichume kamwe, hilo... ngoja. Ngoja nivute pumzi.

Hilo lina sumu ya ini. Nisha analijua. Mkumbusheni.

Na nyinyi, mkiwa na homa, nendeni mkapimwe. Nendeni zahanati kama watu wote. Nisha akisema iko tayari, itakuwa tayari. Asiposema, haijawa. Mtu yeyote akiuza jani hilo ndani ya chupa, hata awe mwanangu, hata kama wakati huo mimi ni mfupa tu... nimemlaani. Sikuwahi kulaani mtu. Hilo weka moyoni, Odongo.

Siri hii siku moja itatoka, wasomi wataiandika na ulimwengu wote utaisoma. Na isomwe. Nataka siku hiyo Mayala awe hai. Nataka awe na afya, meno yake yote, macho yake yote. Ajue kwamba jani lilikuwa juu ya kichwa chake miaka yote aliyokuwa ameinama kuchimba. Mungu ampe maisha marefu. Hiyo ndiyo sala yangu kwake, na naisema kwa moyo.

Nipeni maji mdomoni. Siyo ya kunywa. Nataka kuwapulizia baraka, kama bibi alivyonipulizia. Inamisheni vichwa. Josephat, nyoosha mkono kupitia pazia.

Hayakutoka. Yamemwagika kidevuni. Basi chukueni hayo hayo, Faith, futa kwa mkono, mpake kaka yako, mpake shemeji yako. Mzae. Msiogope mtu mwenye gari. Mlale usiku. Mkishindwa, semeni mmeshindwa. Ziwa liwape, nchi kavu iwape. Gladness... nitamwambia nilifanya nilichoweza.

Odongo, nipe mkono. Uliompa yeye. Huo huo. Sasa ni wangu.

Dirisha. Fungua tena. Yupo? Bado amekaa?

Mayala. Asante kwa soda. Watu watazinywa, msiba hauna... hauna soda mbaya.

Faith, siku hiyo mwekeeni kiti. Siyo nyuma. Mbele, karibu na meza. Aone picha vizuri.